Mgeni Kutoka Ngezi Hanywi Chai

Kabla ya kukaribisha mpapindi ukumbini, ondoa lile ua la plastiki lililokaa juu ya kabati tangu arusi yako. Viwili hivi havikai chumba kimoja: kimoja kinaota, kingine kinafutwa vumbi.

Mpapindi ni mti wa jamii ya mnazi. Kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba, na kwao hasa ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa. Mwaka 1962 wataalamu wa mimea waliuandika rasmi na kuupa jina la kisiwa chetu, pembanus. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska na Komoro, pamoja na areka, unaopamba hoteli na ofisi za dunia nzima. Mpemba anayenunua areka na mpapindi haujui hata kwa jina huniuma, nasema kweli.

Ngezi usiende na jembe. Ile ni hifadhi, na mche uliong'olewa mwituni mizizi hukatika, ukafia njiani. Muombe mwenye mpapindi uani tunda jekundu lililoiva. Toa nyama yake, panda mbegu ikiwa mbichi kwenye mchanga uliochanganywa na usumba, weka kivulini, kisha subiri. Wiki zitapita nyingi. Usifukue kuchungulia.

Chungu si lazima kiwe cha duka. Ndoo ya rangi iliyokwisha inatosha, mradi itobolewe chini matundu matano sita. Maji yakichuruzika kwenye sahani, yamwage; ukiyaacha utafuga mbu.

Sasa tuje kwenye pazia, maana hapa ndipo miti mingi inapofia. Sisi hufunga mapazia kutwa nzima ili jua lisichujue makochi. Ni kweli mpapindi umezoea kukulia chini ya miti mikubwa, lakini kivuli cha msitu kina mwanga unaopenya na kucheza juu ya majani, na giza la pazia zito halina. Uweke hatua moja kutoka dirishani, nyuma ya pazia jepesi. Kama hapo husomi gazeti bila taa, mti nao haushibi. Feni isiupulizie moja kwa moja.

Usimwagilie kwa kalenda. Tia kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, uache. Masika utamwagilia kwa nadra, kaskazi ikivuma utarudi na kopo mara kwa mara. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza ncha za majani, kwa hiyo kinga ya mvua. Na tafadhali, waambie wageni: masazo ya chai yasimwagwe kwenye chungu! Sukari huita sisimizi, na sisimizi huwalinda vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaofyonza majani. Chicha nayo iende kwa kuku.

Majani yafute kwa kitambaa cha maji matupu. Mafuta ya nazi yaache kichwani kwako.

Utafika mwaka makuti yataanza kusugua dari. Chimba shimo karibu na baraza, ungoje mvua za Aprili zishike, uutoe nje. Ukija kuzaa, jirani atabisha hodi kuomba mbegu. Mpe, na ile ndoo umpe.