Shukrani za Dhati kwa Penseli

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Hoteli ya Mahema (jina nalihifadhi),
Karibu na Ziwa Manyara.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA PENSELI

Mheshimiwa Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni askari wako wa usiku, yule mrefu unayemwita "rafiki" kwa kuwa jina hulijui. Ni Mmbulu wa Karatu, lakini siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa shuka jekundu, mkuki na katambuga, nikaambiwa kuanzia saa 12 jioni mimi ni Mmaasai. Sikubisha. Mmaasai wa kweli mlikuwa mmemwajiri jikoni, anaosha vyombo.

Nashukuru kwa penseli. Mwezi uliopita mlileta wageni shuleni kwetu, watoto wakatolewa darasani katikati ya hesabu wakaimbe, kila mmoja akapata penseli moja. Wangu alirudi na mbili. Nadhani aliimba kwa sauti. Picha nimeziona mtandaoni, chini yake mmeandika kwamba hoteli inabadilisha maisha ya jamii. Ni kweli. Siku ile hesabu haikufundishwa. Na kile kibao mlichosimika mbele ya darasa mlilolipaka rangi kinaonekana tangu barabara ya lami. Darasa lenyewe mpaka uelekezwe.

Kwa kuwa umeshaonyesha moyo huo, nimeona nisiishie kwenye shukrani.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kumsindikiza mgeni kutoka mezani hadi hemani kwake, hatua kama 80. Agizo lako ni kwamba mgeni asitembee gizani peke yake, maana kuna nyati. Agizo zuri. Sasa yule mhudumu aliyempelekea mgeni supu, akimaliza kufuta meza saa 5 usiku, anarudi kijijini kwa miguu akimulika na simu. Nyati ni yuleyule. Nimejaribu kumweleza tofauti ya mgeni na mfanyakazi, ila hajasomea utalii.

Mhudumu huyo huyo ndiye aliyefika saa 10 alfajiri kupeleka kahawa mahemani kabla magari hayajatoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Nilimuuliza bwana utumishi. Akacheka, akanishika bega: "Hapa sisi ni familia." Kumbe kwenye familia hakuna ovataimu. Nikakumbuka mwaka 2020, corona ilipofunga anga, jinsi familia ilivyopewa barua asubuhi na lifti ya kwenda barabarani mchana. Na kila masika, hoteli ikifungwa Aprili na Mei, familia huwa inakwenda kula kwa majirani.

Makato ya NSSF nayaona kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara, hilo sitakusingizia. Nilipokwenda Arusha kuulizia, nikaambiwa michango haijafika. Labda imekwama Makuyuni. Na lile sanduku la bakshishi pale mapokezi lina miujiza yake: zinaingia dola, zinatoka shilingi, ufunguo unakaa ofisini.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ndizi.

Mke wangu anauza ndizi Mto wa Mbu, zile nyekundu ambazo wageni wako huteremka garini kuzipiga picha. Wakifika hotelini wanakula ndizi zilizoletwa na gari la vyakula kutoka Arusha. Vitunguu navyo ni hivyo hivyo: vinalimwa Mang'ola, vinapita mbele ya geti lako kwenye lori vikienda sokoni Arusha, kisha gari lako linavirudisha. Vimetalii kuliko sisi wote tuliozaliwa huku. Mke wangu akaenda kwa afisa ununuzi na tenga lake kichwani. Akaambiwa alete risiti ya EFD na akubali kulipwa baada ya siku 60. Ndizi, Mheshimiwa, haina siku 60. Hata hivyo wanawake wakaunda kikundi, wakakisajili, wakatafuta TIN, wakarudi na mashine ya risiti mkononi. Safari hii wakaambiwa ndizi zao hazilingani urefu. Kwa hasira wakaacha mkungu mmoja pale getini. Tumbili waliumaliza, na sikuona hata mmoja akitoa rula.

Najua utasema hoteli si serikali. Sawa. Ila tembo anayekunywa maji mbele ya wageni wako jioni, usiku yuko kwenye mahindi ya shemeji yangu. Kwako mgeni analipia kumtazama. Kwetu tunajaza fomu ya kifuta jasho. Jirani zetu wa Burunge wameunda jumuiya yao ya hifadhi ya wanyamapori, na sehemu ya ada anayolipa mwekezaji aliyejenga humo inakwenda kwa jumuiya. Kule Laikipia, Kenya, Wamaasai wa Il Ngwesi wana hoteli yao wenyewe tangu 1996, na mhudumu na mwenye hoteli wanaweza kuwa mtu mmoja. Usishtuke, sisi hatujafika huko. Sisi tunaomba lile gari linalopokea wageni kiwanja cha ndege lipite kijijini saa 5 usiku, na mikungu mitatu kwa wiki, pesa mkononi. Penseli zinatosha.

Wako mtiifu (hadi saa 12 asubuhi),

Mmaasai wa zamu ya usiku

Nakala:
Mhasibu – afuatilie Makuyuni.
Afisa ununuzi – pamoja na rula.
Nyati – kwa taarifa.