Heshima kwa Kutenganisha Tabaka

Kazi ya kutenganisha tabaka za picha iliyotresiwa haijawahi kutungiwa taarab hata moja, na lawama ni ya watunzi. Wameimba wivu miaka yote hii, wakaiacha kazi inayokufanya umwonee wivu hata mtu aliyelala mapema.

Chukua nembo ya timu ya mtaa: jogoo, utepe, jina la timu. Imeletwa kwa WhatsApp, imebanwa hadi kingo zimeota ukungu, na mwenye nayo anataka fulana kabla ya Jumamosi. Anasema ni kubonyeza tu. Kweli tupu. Katika programu ya Inkscape unabonyeza Shift, Alt na B, unataja idadi ya rangi, na picha imetresiwa, imekuwa vekta. Mgeni hudhani hakuna kilichotokea, maana vekta hujilaza sawasawa juu ya picha ya awali. Adabu iliyoje! Muujiza umefanyika na haujitangazi.

Injini iliyomo ndani inaitwa Potrace, aliyoitoa mwanahisabati Peter Selinger mwaka 2001. Yenyewe inajua nyeusi na nyeupe, basi. Ukitaka rangi nne, Inkscape huipitishia picha mara nne, na kila mpito hurudi na umbo moja. Hapa ndipo ninapovua kofia. Wekundu wote wa nembo, uwe wa undu wa jogoo, wa utepe au wa herufi, unakuwa mali ya pamoja. Ni ujamaa uliokamilika kuliko wowote tuliowahi kuujaribu! Ukivuta undu, utepe na jina la timu vinafuata bila kuitishwa mkutano.

Mwenye haraka hukimbilia soko huria: Ctrl, Shift na K. Umbo linavunjika, kila punje inapata uhuru wake, na tundu la herufi O linajitokeza likiwa donge jekundu linalojitegemea. Jicho la jogoo nalo linazibwa. Inabidi ulishike donge pamoja na herufi yake na kulitoa kwa amri ya kupunguza, moja baada ya jingine, huku chembe za kijivu zilizozaliwa na ule ukungu wa WhatsApp zikisubiri zamu. Ungeweza kuiagiza programu ipuuze madoa madogo kabla ya kutresi, lakini hapo ungejinyima ushirika wao usiku wote. (Kuna wanaoichora nembo upya kwa mkono na kumaliza mapema. Hao siwazungumzii, hawana uvumilivu.)

Na usifikiri ni kazi ya bure. Kwenye uchapaji wa fulana kwa skrini kila rangi ina fremu yake, hivyo nyekundu sharti ikae tabaka lake, njano lake, kijani lake. Ukiwa wakati wa kutresi umeacha alama kwenye kisanduku cha kurundika rangi, rangi ya chini hupenya chini ya ile ya juu na mwanya hauonekani. Ukiiondoa, rangi hukaa bega kwa bega na nyufa nyembamba hujitokeza kati yazo.

Alfajiri tabaka nne zimesimama, kila moja na jina lake, jogoo anaona tena. Unamtumia mteja bei ya rangi nne. Anajibu upesi, kwa heshima zote: "Basi chapa nyeusi tupu, kaka."