Kiingilio na Chakula

Shangazi yangu wa Nakuru alijua makumbusho ni ukumbi wenye kabati za vioo na askari anayesinzia. Lamu ilimvuruga. Mji ule makumbusho yake ni nyumba na majengo ya watu. Wenyewe tu ndio walioondoka. Katika jengo la ufukweni walikaa wakubwa wa serikali ya Waingereza. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi 1984, na Shangazi aligoma kupanda ngazi zake mpaka ahakikishiwe kwamba mlango haufungwi kwa nje. Posta ya Wajerumani ilifunguliwa 1888, ikafungwa 1891. “Kabla barua hazijafika,” akasema, akapita.

Mbele ya siwa ya Pate, lile baragumu la pembe za ndovu lililokuwa likipulizwa kwenye sherehe za watawala, aliuliza kama wageni huruhusiwa kujaribu kidogo. Hawaruhusiwi. Jibu lilisikika hadi gatini.

Balaa lenyewe lilikuwa kwenye Nyumba ya Waswahili, jengo la karne ya 18. Tulivuka daka la mlangoni, tukatazama zidaka za ukutani, tukafika chooni. Kijana aliyetutembeza akaeleza jinsi watu wa kale walivyofuga visamaki ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Shangazi akainama kuwatafuta, miwani ikamponyoka ikatumbukia. Kijana akakunja mikono ya shati, mimi nikamshikia tochi ya simu. Tulipoinua vichwa, Shangazi hayupo.

Tulimsaka vichochoroni, tukibanwa ukutani na kila punda aliyebeba mchanga. Punda wa Lamu hampishi mtu. Ukiwa na akili utampisha wewe.

Tukamkuta nyumba ya tatu, yenye mlango wa nakshi kama ule wa kwanza. Kumbe alikuwa ameingia bila hodi, akasifu kitanda, akagonga ukuta, akamzunguka bibi mmoja aliyeketi juu ya mbuzi akikuna nazi, akisema kwa sauti kwamba serikali safari hii imejitahidi, sanamu hata jasho linalo.

“Ukimaliza kunitazama, mwanangu, nipokee,” sanamu likamwambia. “Nazi haijikuni.”

Tulipoingia, Shangazi ndiye aliyekuwa juu ya mbuzi. Bibi alikuwa jikoni, na harufu ya samaki wa kupaka imejaa ukumbi mzima. Nikamnong’oneza kwamba tumevamia nyumba ya watu, twende.

“Nenda wewe,” akasema, akichukua kizio cha pili. “Mimi kiingilio nimelipa.”