Shangazi wa Mibofyo: Wanakuja, Hawakai

Umejinyima, umelipia tangazo la tovuti yako, na moyo bado unauma? Mwandikie Shangazi. Majina hufichwa, aibu haifichiki.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni malenga. Nimefungua tovuti ya mashairi yangu, nikalipia posti Sh20,000 isambazwe. Imebofywa mara 412. Aliyesoma shairi hadi mwisho ni mmoja, naye ni mama yangu. Hao 411 nimewakosea nini?*
Malenga Mpweke, Tanga

Marahaba, mwanangu. Hujawakosea, hawakukuona. Uliuambia mtandao ukuletee mibofyo, ukakutii. Mtandao unawajua wenye vidole vyepesi, wabofyao kila kipitacho, na hao ndio wa bei rahisi. Tena ukauachia uchague wenyewe pa kukuonyesha. Huenda utenzi wako ulichomoza katikati ya mchezo wa simu, mtoto anafukuza kuku wa katuni, kidole kikateleza. Umelipia kidole hicho.

Rudi kwenye mipangilio. Badala ya mibofyo, chagua lengo la watu walioona ukurasa ukifunguka. Aliyebofya akaondoka mapema hatahesabiwa humo. Ondoa programu za nje, kama ule mchezo wa simu, bakiza mahali watu wanaposoma. Ile picha kubwa ya bahari ipunguze, mwenye bando la kupimia hawezi kuisubiri. Kisha, kabla ya kutoa senti nyingine, tafuta watu watatu wasio ndugu zako, wasome shairi moja mbele yako. Wakishindwa kufika ubeti wa pili, tangazo halina kosa.

*Hujambo Shangazi? Niko Unguja, nafundisha wageni Kiswahili kwa video. Nawataka Wajerumani, hivyo nimetangaza Google kwa neno moja tu, "Swahili". Fedha ya wiki imekwisha kwa siku mbili, mwanafunzi sijamwona. Hawanipendi?*
Mwalimu, Unguja

Sijambo, mwalimu. Hao waliokuja hawakuwa wakikutafuta wewe. Anayeandika "Swahili" peke yake huenda anataka jina la mtoto, maana ya hakuna matata, au neno la kuchora tatuu begani. Fungua ripoti ya maneno waliyotafuta uone ulichokuwa ukilipia. Yasiyokuhusu yaingize kwenye orodha ya maneno ya kuzuia: majina, tatuu, tafsiri, bure. Halafu tangazia maneno marefu ya mtu aliyekwisha kuamua, kama vile mwalimu wa Kiswahili wa mtandaoni au masomo ya Kiswahili kwa wanaoanza. Yaandike kwa lugha ya mteja, uyafunge kwa mabano ya mraba ili yasitanuliwe ovyo.

Tazama na mipangilio ya mahali. Google, usipoigusa, haiwachukui walioko Ujerumani tu. Huwachukua pia wanaoonyesha kuvutiwa na Ujerumani. Kijana wa Buguruni anayetafuta viza ya Berlin hatakulipa umfundishe Kiswahili.

Shule zenye fedha zinazoshindania maneno hayo zisikutishe. Nafasi haigawiwi kwa dau peke yake. Hupimwa pia tangazo linamfaa vipi aliyetafuta, na ukurasa anaofikia ukoje. Mwenye dau dogo anayejibu swali anaweza kukaa juu ya tajiri anayepiga porojo.

*Shangazi, niko njia panda. Natangaza tovuti ya michoro yangu kwa matangazo mawili. La picha nyekundu limebofywa mara 5. La bluu, ambalo pia lina maneno tofauti, mara 3. Nimwache wa bluu?*
Njia Panda, Nakuru

Usiache mtu kwa sababu hiyo. Chukua sarafu, irushe mara 8. Ukirudia zoezi hilo, karibu mara 3 katika kila 4 hutapata 4 kwa 4, na hakuna atakayesema sarafu ina upendeleo. Ingekuwa 50 kwa 30 tungezungumza mengine, mradi yote mawili yameonyeshwa sawasawa. Na hapo ndipo penye mtego, kwani mfumo ukiachiwa huanza kulibeba moja mapema na kulinyima jingine watazamaji.

Tena umebadilisha picha na maneno kwa pamoja. Hata bluu ikishinda, utajuaje kilichoshinda? Badilisha kimoja, kingine kisubiri.

Haya si mageni. Mmarekani Claude Hopkins aliyaeleza mwaka 1923 katika kitabu chake *Scientific Advertising*, enzi za magazeti: kila tangazo liwe na kuponi yenye alama yake, kisha uhesabu zinazorudi. Kuponi yako leo ni alama unayoipachika mwishoni mwa kiungo, ili takwimu za tovuti zikuonyeshe nani kaletwa na tangazo lipi. Na uhesabu waliokuandikia wakiulizia mchoro. Mibofyo hailipi kodi ya nyumba.

*Shangazi, nimeweka Sh5,000 kwa siku huko Google, jana zimekwenda Sh9,200! Nimeibiwa?*
Mwenye Uchungu, Mwanza

Hujaibiwa, hukusoma. Kiwango hicho ni wastani. Siku yenye watafutaji wengi kinaweza kufika maradufu, ila kwa mwezi hutatozwa zaidi ya mara 30.4 ya ulichoweka. Kwa hiyo unapoandika Sh5,000, jiulize kama unazo Sh152,000. Kama huna, weka tarehe ya kukoma siku hiyo hiyo unayoanza. Wala usitegemee kadi kuishiwa salio: tangazo litasimama, deni litabaki.

*Shangazi, kila asubuhi nalitafuta tangazo langu, nalibofya, nafurahi. Ni vibaya?*
Najipenda, Kigoma

Kila ukibofya unaweza kutozwa. Ukilitafuta bila kulibofya, unaufundisha mfumo kwamba halivutii. Google ina zana ya kuchungulia tangazo bila kulihesabu. Itumie, uache utoto.

Na hili ni la nyote watano. Fedha ndogo hainunui umati, hununua jibu moja. Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi swali unalotaka lijibiwe, na kiasi ambacho hata kikipotea utalala usingizi. Asiye na swali anitumie mimi hizo hela. Angalau mimi hujibu.