Mahamri Hayana Kwotesheni: Barua kwa Msimamizi wa Ruzuku Ndogo

Mheshimiwa Msimamizi wa Ruzuku Ndogo,

Barua yako imefika salama pamoja na viambatisho vyake sita. Tumeisoma kwa zamu, kila mtu aya moja, maana ilikuwa ndefu kuliko pumzi ya msomaji mmoja, na wenzetu wawili walilala katikati. Usiwalaumu, ni dawa. Tena mmoja wao alikuwa akilalamika tangu Ramadhani kwamba hapati usingizi, kwa hiyo barua yako imeshaleta tija kabla ya fedha.

Mimi ndiye mweka hazina, cheo nilichopewa kwa kuwa siku ya uchaguzi nilichelewa. Sisi ni watu kumi na tisa wa Mombasa tuliojuana kwenye foleni ya dawa, ambako mtu hukaa na jirani yake asubuhi nzima mpaka aone haya kutomsalimu. Sasa tunakutana Alhamisi mbili kila mwezi katika ukumbi wa kukodi. Hatuna daktari katikati yetu. Aliyewahi kuacha vidonge kwa kuwa vilimnenepesha humweleza anayetaka kuviacha yaliyomkuta baadaye. Anayesikia sauti humuuliza mwenzake zake zinasema nini, bila kushtuka. Basi.

Ombi letu lilikuwa la shilingi 84,000 kwa mwaka mzima: nauli 48,000, chai na mahamri 24,000, ukumbi 12,000. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa nchini Kenya, nasi tukadhani dharura haina foleni. Uchujaji wako wa awali umechukua miezi kumi na minne. Jibu likaja kwamba nauli na viburudisho ni gharama zisizostahiki, kwa kuwa hazihusiani moja kwa moja na afua.

Ruhusu nikueleze afua yenyewe. Mwenzetu mmoja anakaa ng'ambo ya Likoni. Feri anavuka bure kwa miguu, ila kutoka kwake hadi kivukoni, na kutoka kivukoni hadi kwetu, ni matatu mbili kuja na mbili kurudi. Akiwa na shilingi mia mbili anakuja. Asipokuwa nazo anabaki kitandani kageukia ukuta. Hiyo ndiyo nauli. Na mahamri je? Zipo dawa zikikuta tumbo tupu humchafua mtu moyo kutwa nzima, na kwa baadhi yetu kitu cha kwanza kutiwa mdomoni siku hiyo ni hamri la Alhamisi. Ukiondoa nauli na mahamri, kinachobaki ni viti.

Kisha ukalegeza kamba. Viburudisho vingeweza kufikiriwa iwapo tungeleta kwotesheni tatu za wazabuni tofauti, kila moja kwenye karatasi rasmi yenye mhuri. Nikaenda kwa mama anayetukaangia, nikamkuta karai liko motoni. Nikamwambia, "Mama, nataka kwotesheni." Akaniuliza, "Ya nazi au ya iliki?" Nilipomweleza, alifuta mikono kwenye leso, akafikiri, akasema mhuri anao, wa marehemu mumewe aliyekuwa fundi cherehani, je, utafaa? Wa pili alinifukuza akidhani nimetumwa na kanjo. Wa tatu ni dada yake yule wa kwanza, jambo ambalo fomu yako namba nne inaliita mgongano wa maslahi. Mashindano ya haki katika soko la mahamri bado hatujayapata, lakini tumejua udugu.

Kipengele cha saba kinataka watia saini watatu wa akaunti "wenye akili timamu". Tulipofika hapo ukumbi ulinyamaza, watu wakatazamana. Mwenyekiti, ambaye amelazwa mara nne, akauliza kama utimamu wa leo unatosha au unatakiwa wa miaka mitatu uliokaguliwa. Katibu akashauri tuazime watu watatu wa nje wasio na historia yoyote, lakini hatukumpata wa kuwathibitisha. Mwisho benki ikatumalizia mjadala. Mwenzetu mmoja anatumia lithiamu, nayo humtetemesha mikono, na saini yake ya Jumatatu haifanani na ya Jumatano. Hundi ya kulipia ukumbi ikarudi. Akili zake ziko sawa kuliko zangu. Vidole tu ndivyo havikuhojiwa.

Hayo ni madogo. Nije kwenye orodha.

Kwa kila kikao unataka jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saini, na safu ya mwisho iliyoandikwa "aina ya tatizo", pamoja na picha safi zinazoonyesha hisia za wanufaika. Mheshimiwa, hadi Januari 2025 kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake iliweza kufika miaka miwili jela. Ilibidi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili waende Mahakama Kuu, ndipo Jaji Lawrence Mugambi, tarehe 9 Januari, akatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fomu yako ya mahudhurio ilitufikia kabla ya hapo. Yaani ulikuwa ukiniomba, kwa adabu na kwa nakala tatu, niandike washukiwa na vitambulisho vyao, niwapige picha, kisha niwahifadhi kwenye faili kwa miaka saba. Polisi wenyewe hawakuwahi kututaka kazi nadhifu kiasi hicho.

Utasema kifungu sasa kimekwisha. Kweli. Hukumu imemwondoa askari, haikumwondoa mwajiri, mwenye nyumba wala mama mkwe.

Tulijaribu kutii. Alhamisi ile tulipozungusha karatasi, waliokuwepo ni kumi na wanane, zikapatikana saini sita, na wawili kati ya hao sita walijiandika kwa jina la golikipa wa timu ya mtaa. Alhamisi iliyofuata walikuja saba. Yule wa ng'ambo ya Likoni hakuwamo, na nauli tulikuwa tumemtumia. Tukaichana karatasi mbele ya watu wote, na ikatuchukua miezi miwili kurudi kumi na tano. Bango la mita tatu lenye nembo yako, lililotakiwa lining'inie langoni ili majirani wajue nani anawasaidia wagonjwa, sitaligusa. Limekunjwa. Tunalikalia viti vinapopungua.

Unadai pia ubunifu. Zimbabwe, mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda alianza na mabibi kumi na wanne wa Mbare, wakaketi kwenye mabenchi nje ya zahanati kusikiliza watu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kuwa walioketi nao walipungukiwa na dalili za sonona. Dunia ikapiga makofi. Huku kwetu nyumba za mitaa ya kale zina baraza mlangoni na bibi juu yake. Kosa letu ni kwamba hatukulipa baraza jina la mradi.

Na kama unataka mfano wa mbali zaidi, mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa na mmoja daktari wa upasuaji, walikaa wakazungumza ili wasinywe. Huo ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Kwako wangeanguka ukurasa wa kwanza, kwa kuwa wako wawili na wewe unataka wasiopungua kumi na watano, tena majina ya ukoo hawatajani. Mwaka 1938 walimwomba John D. Rockefeller Mdogo dola 50,000, naye akatoa 5,000 tu, akihofu kwamba fedha zingeharibu jambo lao. Sehemu kubwa ya hizo ililipa deni la nyumba ya yule daktari. Nakuona unavyoshika kichwa. Baadaye chama hicho kikajiwekea desturi ya kutopokea michango ya nje, na kila nikijaza fomu zako ndipo ninapowaelewa.

Viashiria vya mafanikio nimevihangaikia usiku kucha. Kuna mtu aliyenipigia simu saa nane za usiku, akazungumza mpaka adhana ya alfajiri, kisha akasema anakwenda kulala. Sikujua nimwandike wapi. Jedwali lako lina safu tatu, hali ya msingi, lengo, na kilichofikiwa. Hali ya msingi: yu hai. Lengo: awe hai. Kilichofikiwa: yu hai. Mkaguzi wako ataandika kwamba mradi haukuleta mabadiliko.

Unauliza tutafanya nini ruzuku itakapokwisha. Tutafanya tulichokuwa tukifanya kabla haijaanza, yaani hiki tunachofanya leo.

Kwa semina ya siku mbili ya kutujengea uwezo katika ile hoteli ya ufukweni, shukrani. Tulifundishwa nadharia ya mabadiliko kwa karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, na chakula cha mchana cha mtu mmoja kilikuwa sawa na chai yetu ya vikao viwili. Niliuliza jikoni. Wao hawakutakiwa kwotesheni.

Limebaki jambo moja, ambalo halimo katika viambatisho.

Siku ulipokuja kutukagua, dereva wako alipokuwa akigeuza gari, ulinivuta kando ya mwembe ukaniuliza kama mtu asiye mwanachama anaweza kuja akakaa nyuma bila kusema neno. Ulisema ni rafiki yako, hajalala vizuri tangu mwaka jana. Nilikwambia nitauliza wenzangu. Nimewauliza, bila kutaja ofisi wala cheo, na kwa umbali kiasi kwamba hata wao hawawezi kukisia ni nani. Wasomaji wa barua hii nao wasijisumbue, maana hatujataja shirika.

Jibu ni kwamba aje. Alhamisi ya kwanza na ya tatu, saa kumi alasiri. Asilete kitambulisho. Mahamri yapo, ya nazi. Nauli tutamrudishia kama kapungukiwa. Kiti cha mwisho karibu na dirisha kina mguu mbovu, kwa hiyo akalie kile cha pili yake.

Wako mtiifu,
Mweka hazina