Sifa za Nzi wa Coober Pedy

Nzi wa nyika wa Australia, anayejulikana kwa wataalamu kama Musca vetustissima, ni mdudu mdogo wa kijivu, mfupi kidogo kuliko nzi wa nyumbani. Haumi, hatagi mayai jikoni, wala hana desturi ya kuingia ndani ya nyumba bila kukaribishwa. Pamoja na adabu zote hizo amenyimwa heshima. Vitabu vya utalii humweka katika ukurasa wa tahadhari, pamoja na jua kali na nyoka, ilhali yeye ndiye mwenyeji wa kwanza kumlaki msafiri na wa mwisho kuagana naye. Mahali pa kumtazama kwa haki ni Coober Pedy, mji wa jangwani katika jimbo la Australia Kusini, pale familia zilizo safarini zinaposimama kujaza mafuta, kula na kulala.

Mji huo uko kwenye barabara kuu ya Stuart, kilomita 846 kaskazini ya Adelaide na karibu 690 kusini ya Alice Springs. Anayetokea kusini huiaga Port Augusta na kupita zaidi ya kilomita 500 za vichaka vifupi, maziwa ya chumvi yaliyokauka na malori yanayovuta trela tatu kwa mpigo. Ni nadra familia kusimama hapo kwa mapenzi. Watoto wameshagombana mpaka wamechoka, mshale wa mafuta umelala, na kuendesha gari usiku katika nyika ile ni kutafuta ajali na kangaroo. Basi husimama. Mbele yao ni vilima vyeupe vya kifusi visivyo na idadi, kwa sababu mwaka 1915 kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliokota opali hapo wakati baba yake na wenzake wakisaka dhahabu, na tangu hapo ardhi haijaacha kutobolewa. Mabango yanamwonya mgeni asikimbie wala asitembee kinyumenyume, asije akatumbukia shimoni. Mtu anayetembea polepole na kuangalia mbele ndiye hasa nzi anayempenda.

Mapokezi hayana urasimu. Mlango wa gari ukifunguka tu, kabla mguu haujagusa changarawe, nzi watatu wameshatua: mmoja kwenye pembe ya jicho, mmoja mdomoni, mmoja akiikagua tundu ya pua. Baada ya dakika moja shati jeupe la baba limekuwa la madoadoa mgongoni. Siku ya upepo nzi huchagua upande uliokingwa, akatulia mgongoni mwa mtu na kusafiri naye kutoka kituo cha mafuta mpaka dukani, na kutoka dukani mpaka chooni, bila nauli. Mtoto mchanga, ambaye kila shangazi humwogopa kidogo kwa kudondosha mate, kwa nzi ni karamu.

Wasiomjua husema ni ufidhuli. Ukweli ni kwamba nzi huyu anafanya kazi ya uzazi. Wengi wa wanaotua usoni ni majike, na jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae. Katika jangwa ambako maji ni ya kuhesabiwa, machozi, jasho, mate na kamasi za binadamu ni chakula na kinywaji kwa pamoja: protini kidogo, chumvi kidogo, unyevu wa kutosha. Haombi damu kama mbu. Anaomba tu kile ambacho mwenyewe alikuwa anataka kukifuta kwa leso. Na kwa malipo hayo madogo yuko tayari kufa. Anafukuzwa mara ishirini na mara ya ishirini na moja anatua palepale. Wahenga walishamtetea waliposema nzi kufia kidondani si haramu. Huyu wa Coober Pedy hangojei hata kidonda.

Fadhila yake ya kwanza ni usawa. Hajui nani amekuja na gari jipya lenye kiyoyozi na nani amekuja na gari bovu lililofungwa kamba. Waziri, mchimba opali, bibi mwenye kisukari na kijana wa shule hupewa idadi ileile ya nzi, na wote huitikia kwa ishara moja: mkono ukipepea mbele ya uso, ishara ambayo Waaustralia wenyewe huitania kuwa ndiyo salamu ya taifa. Ni vigumu kupata sherehe nyingine inayowaunganisha wananchi wote kiasi hicho pasipo bajeti.

Fadhila ya pili ni kutuliza ndimi. Familia iliyokaa garini siku nzima huteremka na maneno mengi ya kuambiana: nani alisema maji yanatosha, nani aliyeisahau ramani, kwa nini hawakupanda ndege. Nzi huyafupisha mazungumzo hayo. Anayefungua kinywa kulalamika humeza mmoja. Anayetaka kujibu ameshajifunza. Upo mzaha wa zamani kwamba Waaustralia huzungumza bila kuachama kwa sababu yake, na ingawa wanaisimu hawajauidhinisha, anayekula mkate wenye nyama kwenye benchi la nje pale mjini hupata ushahidi wa kutosha. Mkate huo huliwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kazini, na kwa kasi ambayo mama alikuwa akiiomba nyumbani kwa miaka bila mafanikio.

Biashara nayo imenufaika. Kofia zinazoning'inizwa vizibo pembeni huvaliwa zaidi na watalii kuliko na wenyeji, lakini chandarua cha kufunika kichwa ni kitu cha lazima, na bibi aliyekivaa mbele ya pampu ya mafuta hufanana na bibi harusi aliyechelewa kuolewa. Picha hiyo hudumu katika familia kuliko picha zote za mwamba wa Uluru.

Nasaba yake haina shaka. Mwaka 1688, karne moja kabla ya Waingereza kuanzisha makazi yao, baharia William Dampier alifika pwani ya kaskazini-magharibi ya bara hilo na kuandika kwamba wenyeji wake walikuwa wakifumba macho nusu ili kuzuia nzi. Dampier hakuwa na jambo jema la kusema juu ya watu hao, na mengi aliyoyaandika yalikuwa ufedhuli wa mgeni. Juu ya nzi alisema kweli. Kwa hiyo nzi si mhamiaji. Alichokosa siku zile ni mazalia tu. Anataga mayai kwenye mavi mabichi, na wanyama wa asili wa Australia, kangaroo na jamaa zake, hutoa vidonge vidogo vikavu visivyo na faida kubwa kwa mama mwenye mayai mengi.

Neema ilishuka mwaka 1788, ng'ombe wa kwanza walipofika na merikebu za Waingereza. Ng'ombe mmoja huangusha mabonge kati ya 10 na 12 kwa siku, makubwa, yenye maji, na bonge moja linaweza kulea mamia ya nzi. Mbawakawa wa asili wanaozika mavi walikuwa wamezoea vidonge vya kangaroo, kwa hiyo mali yote hiyo iliachwa juani kwa miezi. Ng'ombe walizidi kuenea hadi jangwani, na mashariki ya Coober Pedy lipo Anna Creek, shamba la ng'ombe linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Binadamu walijenga pia uzio wa karibu kilomita 5,600 kuwazuia mbwa mwitu waitwao dingo wasiwafikie kondoo wa kusini, nao unapita karibu na mji huo. Kwa ajili ya nzi hawakujenga kitu ila malisho.

Adui yake mkubwa alikuwa mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, aliyehamia Australia na kushangaa kuona mavi yametapakaa bila mwenyewe. Kwa pendekezo lake shirika la utafiti la serikali, CSIRO, liliendesha kati ya 1965 na 1985 mradi wa kuleta mbawakawa wa kuzika mavi, wengi wao kutoka kusini mwa Afrika. Ili magonjwa ya mifugo yasije nao, yalisafirishwa mayai tu. Yalisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha yakatiwa mojamoja ndani ya vibonge vya mavi vilivyofinyangwa kwa mikono. Wasomi wenye shahada za juu walifinyanga mavi kwa heshima ya nzi. Aina 43 ziliachiliwa na 23 zikastawi, na katika sehemu nyingi za malisho nzi wamepungua. Mgeni anayeteremka garini Coober Pedy siku ya joto hatazihisi juhudi hizo.

Lipo shitaka moja ambalo sifa hizi haziwezi kulifuta. Nzi wanaopenda macho hubeba vimelea vya vikope, ugonjwa unaoishia kwenye upofu. Ndugu yake wa karibu barani Afrika, Musca sorbens, anajulikana sana kwa kazi hiyo, na tafiti zilizofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, zilihusisha nzi na nyuso chafu za watoto na maradhi hayo. Australia, kwa utajiri wake wote, ilichelewa kuliko nchi tajiri nyingine kuvitokomeza vikope katika jamii za wenyeji wake wa asili. Wakili wa nzi anaweza tu kujibu kwamba mahali penye maji ya kutosha ya kunawa uso shitaka hupungua nguvu, na kwamba ukosefu wa maji hayo si kosa la nzi.

Inabaki fadhila iliyo kubwa kuliko zote, ile ya kuwaonyesha wageni mji wenyewe. Wakazi wa Coober Pedy wapatao 1,500, wengi wao, huishi katika nyumba zilizochimbwa ndani ya mwamba, ambamo joto hubaki kiasi cha nyuzi 24 hata nje ikiwa zaidi ya 40. Chini ya ardhi kuna pia hoteli, maduka ya opali na makanisa, likiwamo la Waorthodoksi wa Serbia lililochongwa katika jiwe la rangi ya waridi. Husemwa kwamba joto ndilo lililowateremsha watu. Ni kweli kwa wakazi. Lakini familia ya wapita njia, iliyopanga kukaa dakika kumi na tano, joto huiteremsha polepole, nzi huiteremsha mbio. Naye hawafuati. Hapendi giza la ndani. Hukomea mlangoni, tofauti na nzi wa nyumbani ambaye angeshuka ngazi pamoja nao na kukaa mezani. Humo chini watoto hupapasa kuta zenye alama za mashine ya kuchimbia, hutafuta mng'ao wa opali, na safari nzima hupata jambo la kusimuliwa.

Jua likizama, nzi hustaafu. Haruki usiku, hadai posho ya zamu ya pili. Wenyeji huitumia nafasi hiyo hata kucheza gofu kwa mipira inayong'aa, katika uwanja usio na jani moja la nyasi. Alfajiri familia inayotaka kuondoka kwa amani ipakie mizigo kabla ya mwanga. Ikichelewa, itasindikizwa, na baadhi ya wasindikizaji watabaki ndani ya gari kwa kilomita mia mbili.

Msimu wake ni miezi ya joto. Kuanzia Juni hadi Agosti hupungua sana, na msafiri wa wakati huo hawezi kusema ameijua Coober Pedy. Atakayekwenda kati ya Oktoba na Aprili anunue chandarua Port Augusta, kwani atakayengoja kukinunua Coober Pedy itambidi kwanza avuke uwanja wa kuegesha magari.