Panga na Mwavuli Baada ya Likizo

(Boma moja chini ya ukingo wa Manga, Nyamira. Ni Januari, jioni. Panga na Mwavuli wametundikwa nyuma ya mlango mmoja.)

PANGA: Bwairire, binti. Umerudi mkavu! Huko Nairobi hakunyeshi?

MWAVULI: Bwairire, mzee. Hata tone. Nilifunguliwa mara moja tu, mama alipowafukuza tumbili waliozivamia ndizi zake.

PANGA: Tumbili mjini?

MWAVULI: Bustani ya Arboretum, karibu na Ikulu. Tulitoka Keroka usiku, kesho yake tukalipa langoni, kila mtu na tiketi yake, tukaingia kuona miti.

PANGA: Kuinunua?

MWAVULI: Kuiona.

PANGA: Imelala?

MWAVULI: Imesimama, mzee! Aina zaidi ya 350, ekari zaidi ya 70.

PANGA: (akitetemeka) Na mwenye boma hakuwashwa mikono?

MWAVULI: Aliukumbatia mti mmoja wa kienyeji, akapigwa picha. Akasema, "Hewa kama hii kwetu haipatikani."

PANGA: Mwenye boma yupi? Si huyu aliyenibeba tukaangusha miringaringa ya babu yake, halafu akapanda mikaratusi mpaka kingo za mto? Alisema inalipa, viwanda vya majani chai havishibi kuni.

MWAVULI: Kuni ndiyo kazi ya zamani ya mkaratusi. Bustani ile ilianzishwa 1907 kujaribia miti ya kigeni. Wakoloni walitaka inayokua haraka, garimoshi lipate cha kuchoma.

PANGA: Lakini garimoshi lilishahamia dizeli.

MWAVULI: Na mkaratusi ukahamia kwenye chemchemi yetu.

PANGA: Kumbe! Nami nilidhani siku hizi mama hufuata maji ng'ambo ya kilima kwa kupenda kutembea.

MWAVULI: Watoto walifurahi sana, lakini. Walikatazwa kuvunja hata kijiti. Kuna miti yenye vibao vya majina. Mdogo alisoma la Kilatini bila kukwama, kisha akauliza kama mti huo unatoka ng'ambo.

PANGA: Akajibiwa?

MWAVULI: Baba yake alikuwa bado anapiga picha. Ila ameahidi kuwarudisha Agosti, wajue miti ya kwetu.

PANGA: Nauli ya watu watano, ya kwenda na kurudi! Ataitoa wapi?

MWAVULI: Mringaringa ule mmoja uliobaki kule mtoni, fundi wa mbao ameshakuja kuupima.

PANGA: Aa. Ndiyo maana nimenolewa leo.